Rafiki wa Jumamosi



Kuna neno niliambiwa na mtoto wa miaka 11 pale soko la Kilombero, hapa Arusha, wakati wa Kwaresima, na mpaka leo limekataa kunitoka. Aliniambia, "Frateri, wewe ni rafiki wa Jumamosi." Hakuwa amekasirika. Alisema tu, kama mtu anavyokutajia bei ya nyanya, kisha akainama akaendelea kufunga kiroba chake cha makopo.

Mimi nimesoma falsafa miaka mitatu kule Kibosho. Nimeandika mtihani juu ya urafiki kwa Aristotle na nikafaulu vizuri tu. Lakini kwa huyu dogo nilikosa jibu. Nilisimama pale na rozari mfukoni, watu wananipita na mikokoteni, natafuta la kusema, silipati. Kwa hiyo leo naomba tufikiri pamoja, maana swali alilonipa si langu peke yangu: je, ni halali kujenga urafiki na mtoto huku unajua kabisa kwamba utaondoka? Linawahusu na ninyi wa VIWAWA mnaotembelea vituo vya watoto kila Kwaresima, na ninyi wanavyuo mnaokwenda siku moja na katoni za sabuni, mnapiga picha ya pamoja, mnarudi.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe. Mwaka huu nipo katika mwaka wa kichungaji, kwenye parokia moja ya mjini. Kila Jumamosi saa nane mchana mimi na vijana watatu wa parokia tunashuka Unga Limited. Kata hiyo ilipata jina kutokana na kiwanda cha kusaga unga, na kama umewahi kuisikia basi labda umesikia sifa zake mbaya tu: vibaka, gongo, bangi. Mimi nilionywa nisiende na simu. Watalii wanaopitia Arusha kwenda Ngorongoro na Serengeti hawafiki huko. Nyumba zimebanana, bati kwa bati, na asubuhi mawingu yakifunguka unauona Mlima Meru wote kutoka uchochoroni, mita 4,566, kama vile hauna habari na yanayoendelea huku chini.

Wengi wa watoto tunaokaa nao si watoto wa mitaani kwa maana tuliyoizoea. Wana kwao. Ila kwao mchana hakuna mtu. Mama ameondoka alfajiri kwenda kuchukua ndizi au mboga za kuuza, atarudi usiku. Baba yuko Mirerani. Na mnajua mambo ya Mirerani: mwanaapolo hana mshahara wa mwezi, anakula cha mwenye mgodi na kusubiri siku jiwe litoke ndipo apate mgawo wake, na linaweza lisitoke mwaka mzima. Ukuta uliojengwa kuzunguka migodi mwaka 2018 uliwekwa kuzuia tanzanite isitoroshwe. Akina baba haukuwarudisha nyumbani. Kwa hiyo mtoto hajatupwa. Amesahauliwa kwa saa kumi na mbili kila siku, na saa hizo lazima azijaze na kitu. Wengine huokota makopo na vyuma chakavu. Wengine, gundi.

Tunafanya nini huko? Kwa kweli si kitu kikubwa. Tunacheza chandimu, tunakaa chini tunasimuliana, mwishoni anayetaka anasali nasi Baba Yetu. Paroko alitupa sharti moja tu: msiende na pipi. Mwanzoni nililiona sharti la kikatili. Jumamosi ya kwanza kila mtoto aliuliza, "Leo mnatoa nini?" na tulipojibu kwamba hatutoi kitu, nusu yao waliondoka. Baadaye nikaelewa. Siku moja nilimkuta mmoja wao pale Mnara wa Saa akimwambia mzungu, kwa Kiingereza cha kukariri, kwamba yeye ni yatima, baba na mama wote wamefariki. Mama yake namfahamu, anauza ndizi. Sikumlaumu. Amejifunza kwetu sisi wakubwa kwamba huzuni ina soko, na mwenye bidhaa hataki bidhaa yake iishe. Mtoto anayelishwa kwa sababu ya huzuni yake ataitunza kama mtaji. Rafiki hahitaji uwe yatima ndipo akae na wewe.

Basi hapo nikajiona nimeelewa kitu kikubwa. Nikawa nawaambia wenzangu: sisi hatutoi vitu, sisi tunatoa urafiki. Nilipenda sana kuisema sentensi hiyo.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Yule dogo wa kiroba aliacha shule akiwa darasa la tatu. Jumamosi moja, mpira umeisha, alinisogelea akaniambia anataka kurudi. Shule ya msingi ya serikali haina ada, hilo alilijua. Ila alikuwa anaogopa kwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu baada ya kupotea muda mrefu, na kwa mama yake Jumatatu ni siku ya kupokea mzigo. "Frateri, Jumatatu utanipeleka?" Nikasema, "Nitajaribu."

Sote tunakijua Kiswahili chetu. "Nitajaribu" ni hapana ya mtu mwenye aibu. Lakini mtoto aliisikia kama ndiyo. Jumatatu alioga, akaazima shati, akanisubiri pale kwa kinyozi tangu saa moja asubuhi. Mimi nilikuwa parokiani. Ningependa kuwaambia kulikuwa na msiba, au mgonjwa wa kupelekewa Komunyo. Hakukuwa na kitu. Nilisahau. Akaenda peke yake, akaambiwa arudi na mzazi, na Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana uwanjani. Nilipokuja kumkuta Kilombero ndipo aliponipa lile neno.

Turudi kwa Aristotle. Katika kitabu cha nane cha Maadili yake anasema watu huwa marafiki kwa sababu ya faida, au raha, au kwa sababu ya wema wa mtu mwenyewe. Huu wa mwisho ndio urafiki kamili, na unadai mambo mawili ambayo mimi sikuwa nayo. Unadai muda, anakumbusha msemo wa watu wake kwamba hamwezi kujuana mpaka mmekula chumvi pamoja. Tena unadai usawa. Umbali ukizidi mno, kama ulivyo kati ya mungu na mtu, yeye anaona urafiki hauwezekani tena. Haya, nipimeni. Muda wangu ni saa tatu kwa wiki. Na usawa? Mimi nalala kwenye godoro, nakula mara tatu, nina bima ya afya, nina Baba Askofu anayejua jina langu. Nikichoka na Unga Limited napanda zangu parokiani. Yeye akichoka anapanda kwenda wapi? Kwa kipimo hicho mimi si rafiki yake hata kidogo. Ni mfadhili asiye na ufadhili. Hata pipi sina.

Nilimpigia simu frateri mwenzangu niliyesoma naye, mtu wa akili kali, anayefanya mwaka wake wa kichungaji jimbo jingine. Akanijibu bila kusita: "Ndiyo maana mimi natoa mkate naondoka. Mkate hauumizi. Mtoto akila mkate wako leo, kesho usipokuja atakula wa mwingine. Lakini ukimzoeza wewe mwenyewe halafu ukaondoka, umemnyang'anya kitu ambacho kabla hujaja hakikuwa kimepotea."

Ndugu zangu, hoja hii si ya kupuuza, na naomba tusikimbilie kuijibu kwa mstari wa Biblia. Mtoto ambaye baba yake alikwenda Mirerani na harudi, kuachwa anakujua tayari. Kila anayekuja na tabasamu kisha akapotea anamrudishia somo lile lile. Ukipima kwa machozi tu, mkate unashinda.

Na kuna hoja ya akina mama, ambayo naona ni nzito kuliko ya Aristotle. Siku za mwanzo mama mmoja alinisimamisha, mikono kiunoni: "Frateri, samahani, hivi ninyi mnataka nini kwa watoto wetu?" Nilikwazika moyoni. Leo naona alikuwa na haki kabisa. Swali lake ni la zamani hapa mlimani. Mwezi wa kumi mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri kwa Wameru, siku chache tu baada ya kufika. Walikuja na Injili, lakini askari wa Kijerumani walikuwa wamepiga kambi si mbali, na mtu aliyeko shambani kwake angewezaje kumtofautisha mzungu wa Biblia na mzungu wa bunduki? Watu wanaangalia umekuja na nani. Na sisi wa siku hizi, tukivaa kanzu, tunakuja na habari nyingine ya aibu: wapo waliotumia neno hili hili, urafiki, kuwadhuru watoto. Papa Fransisko alitoa sheria yake ya Vos estis lux mundi mwaka 2019 kwa sababu ya mambo kama hayo. Ndiyo maana hatuendi mtu mmoja mmoja, tunakaa na watoto mahali pa wazi, na mama yeyote akiuliza anajibiwa.

Yule mama nilimjibu vibaya. Nilisema, "Hatutaki kitu, mama." Hakuna mtu asiyetaka kitu. Nilipojichunguza mbele ya Sakramenti, niligundua nilichotaka: nilitaka kuwa frateri anayependwa na watoto. Nilitaka wanikimbilie nikitokea kona, na vijana wa parokia waone. Yule aliye Mnara wa Saa anauza huzuni yake. Mimi nilikuwa nanunua furaha yao, kwa bei ya Jumamosi mchana.

Nilikuwa nimejificha nyuma ya mtu mkubwa pia. Jimbo letu la Arusha lilianzishwa mwaka 1963. Miaka mitatu baadaye Padre Vincent Donovan, Mmisionari wa Roho Mtakatifu aliyekuwa Loliondo, alimwandikia askofu barua. Misheni ilikuwa na shule na hospitali, Wamasai walizitumia, lakini hakuna aliyekuwa anaketi nao kuzungumza juu ya Mungu. Akaomba aachane na hizo kazi nyingine, aende kwenye maboma mikono mitupu, akaongee nao tu. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1978 nimekisoma mara mbili, na bila aibu nilijiona Donovan mdogo wa Unga Limited. Nililoruka ni hili: hospitali ya Wasso ilibaki. Yeye aliweza kwenda mikono mitupu kwa sababu wengine waliendelea kutibu. Na Mtakatifu Yakobo katika waraka wake hana huruma na mtu anayemwombea mwenye njaa shibe na asimpe chakula. Dogo hakuniomba pipi. Aliniomba Jumatatu. Huo ndio ulikuwa mkate wake, na nilikuwa nao.

Aliyenisaidia zaidi ni Don Bosco. Wengi mnaijua habari ya tarehe 8 Desemba 1841, Torino. Kijana Bartolomeo Garelli, yatima, kibarua wa ujenzi, ameingia sakristia. Sakristani anamtaka atumikie Misa, hajui, anapigwa na kufukuzwa. Don Bosco anamkemea sakristani, anasema huyo ni rafiki yangu, mwite arudi. Alikuwa hajawahi kumwona! Hajui hata jina lake. Nilipokuwa mdogo niliona huo ni uongo mtakatifu. Sasa naona alikuwa anakopa. Alilitamka neno kwanza, halafu akalilipa polepole mpaka alipofariki mwaka 1888. Na kuna jambo ambalo wahubiri wetu hulipita haraka: Oratori yake mwanzoni ilikuwa ya Jumapili na sikukuu. Kwa hiyo naye alianza kama rafiki wa Jumapili! Ila katikati ya wiki alikuwa anatoka kuwafuata wale vijana kwenye majengo walikofanya kazi, anawasalimia juu ya matofali, anaongea na mabosi wao.

Kuhusu usawa, Mtakatifu Thoma wa Akwino anampokea Aristotle na kumsogeza mbele kidogo. Anauliza kama mapendo ya Kimungu ni urafiki, na anakubali, kwa sababu Mungu ametushirikisha heri yake mwenyewe. Umbali haujafutwa. Kuna kitu kinacholiwa pamoja, na hicho kinatosha kuanzisha urafiki. Na ukisoma Yohane 15 utaona sababu anayoitoa Yesu ya kuwaita wanafunzi marafiki na si watumishi tena: amewaambia yote aliyoyasikia kwa Baba. Sasa angalieni ni usiku gani huo. Ni usiku ule ule aliokuwa anawaambia wazi kwamba anaondoka. Hakuwaficha. Na kesho yake, chini ya msalaba, mama yake akampa mwanafunzi, na mwanafunzi akampa mama.

Nadhani hapa ndipo rafiki yangu wa simu alipokosea. Ana haki kwamba mkate hauumizi, lakini hauumizi kwa sababu hauahidi kitu. Kilichomuumiza dogo si kwamba mimi ni mtu wa kuondoka. Watu wote wa kwao ni wa kuondoka na kurudi, wauza ndizi na wanaapolo. Kilichomuumiza ni "nitajaribu". Nilimpa neno ambalo kwangu lilikuwa bure na kwake lilikuwa shati la kuazima na saa tatu kwa kinyozi. Na nikamshika mwenyewe, kama mali yangu, bila kumjulisha kwa mtu mwingine yeyote atakayebaki. Parokia nzima ina jumuiya ndogo ndogo, moja inasali nyumba ya nne kutoka kwao, na mimi sikuwahi kulitaja jina lake huko, kwa sababu wangemsaidia wao na si mimi. Hilo nililiungama.

Nilimwomba Paroko ruhusa ya Jumatano mchana. Aliniuliza maswali mengi, akakubali, kwa sharti niende na mama mmoja mwenyekiti wa jumuiya, mjane, muuza dagaa, mkali kidogo. Tulimkuta dogo Kilombero nyuma ya mabanda. Aliponiona hakukimbia wala hakufurahi.

"Leo Jumatano," akasema. "Umepotea?"

Nikamwambia hapana, nimekuja kuomba msamaha, ile Jumatatu sikuwa na kazi, nilisahau. Nilikuwa nimeandaa maneno zaidi lakini mama wa dagaa akanikatiza, akamuuliza jina la mama yake, wanakaa kwa nani, na kama amekula. Alikuwa na mihogo ya kuchoma kwenye gazeti. Akatugawia sote watatu, yenye chumvi na pilipili nyingi, tukala tumesimama. Sijui Aristotle angeihesabu chumvi hiyo kuwa kiasi gani.

Alikwenda shule wiki iliyofuata, na huyo mama, si na mimi. Amewekwa na watoto wadogo kwake, hapendi, na kuna siku haendi. Namsikia kwa mama zaidi kuliko kwake mwenyewe. Bado tunacheza mpira Jumamosi, na baadhi ya Jumatano napita.

Wiki iliyopita nilimwambia. Nilimweleza kwamba mwezi wa nane mwaka wangu hapa unaisha, nakwenda Segerea, Dar es Salaam, kusoma teolojia, miaka minne, na sipangi mimi nitarudi lini. Akauliza nauli ya basi mpaka Dar ni shilingi ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza, akawa anahesabu, na nikajua anahesabu kwa makopo.

"Hizo ni kilo nyingi," akasema.

Kisha akaniuliza kama huko Segerea Jumatano huwa wanatoa ruhusa.